Ada ya mwezi inapokwama: adabu ya kumdai mteja katika nchi za Waarabu



Maneno tuyatumiayo dukani kila siku, kama vile deni, daftari, hesabu, faida na hasara, yametujia kutoka lugha ya Kiarabu. Si ajabu, basi, kwamba suala la nani anamdai nani, na amdai kwa njia gani, ni suala ambalo wenye lugha hiyo wamelijadili kwa karne nyingi na kulitungia hukumu za kina. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, yaani aya ya 282 ya Sura al-Baqara, haizungumzii swala wala hija. Inazungumzia namna ya kuandikiana deni: nani aandike, nani ashuhudie, na kwamba mtu asichoke kuliandika hata likiwa dogo.

Leo daftari hilo limehamia ndani ya kompyuta. Katika miji ya Cairo, Riyadh, Kuwait na Dubai, mtu hulipia kwa mwezi mambo ambayo zamani aliyanunua mara moja au hakuyanunua kabisa. Husikiliza nyimbo na visomo kupitia Anghami, iliyoanzishwa Beirut mwaka 2012; hutazama tamthilia za Ramadhani kupitia Shahid ya kampuni ya MBC; na mfanyabiashara mdogo wa Saudia hulipia programu ya kuendeshea duka lake la intaneti kwa makampuni kama Salla na Zid. Wapo pia wazazi wanaowalipia watoto masomo ya hisabati, na wengine wanaolipia walimu wa kusomesha Qur'ani kwa njia ya simu. Wote hawa wamefunga mkataba wa namna moja: kila mwezi, siku ileile, mashine itaiomba benki ya mteja kiasi fulani cha fedha, na benki itajibu ndiyo au hapana.

Makala yetu ya leo inahusu ile hapana. Mteja hajasema kwamba anaondoka, hana kinyongo na huduma, na yamkini usiku huohuo alikuwa akiitumia. Ila asubuhi anakuta imefungwa. Upande wa pili, mwenye kampuni anaona mapato yake yamepungua pasina mtu yeyote kumpa kwaheri. Ikiwa kampuni ni changa, na imepata wateja wake kwa gharama ya matangazo, upotevu wa namna hii unaweza kuiua polepole huku wenyewe wakidhani kwamba bidhaa yao ni mbovu. Kwa hiyo kuzirejesha ada zilizokwama ni jambo la lazima. Linalohitaji kutazamwa ni namna ya kuzirejesha.

Kwa nini benki hukataa

Watu wengi hudhani kwamba malipo yakikataliwa basi mteja hana fedha. La hasha. Benki hujibu kwa namba za siri za mawasiliano yao, na kila namba ina maana yake. Namba 51 maana yake salio halitoshi. Namba 54 ni kwamba muda wa kadi umekwisha. Namba 41 na 43 ni kadi iliyoripotiwa kupotea au kuibwa. Halafu iko namba 05, ambayo kwa hakika ni fumbo: benki imekataa na haikutaja sababu. Mwenye kuyajua haya hawezi kumtendea aliyepungukiwa salio sawasawa na ambaye kadi yake imezeeka. Wa kwanza anahitaji kusubiriwa siku chache. Wa pili asubiriwe mwaka mzima, fedha haitakuja, kwa sababu anachotakiwa kufanya ni kuandika namba za kadi mpya. Na kadi iliyoibwa haifai kujaribiwa tena hata mara moja.

Makampuni mengi, kwa pupa, huigonga benki mlango kila baada ya saa chache. Huo ni ujinga unaogharimu. Kanuni za Visa haziruhusu malipo yaleyale kujaribiwa kwenye kadi moja zaidi ya mara 15 ndani ya siku 30, na benki inayogongwa ovyo huanza kumtilia shaka mgongaji hata katika malipo yake ya halali.

Nchi za Kiarabu zina hali zake zinazoyafanya mambo haya kuwa magumu zaidi kuliko Ulaya. Nchi kadhaa zina mitandao yao ya kadi. Saudia ina mada, iliyochukua jina hilo mwaka 2015 baada ya kuitwa SPAN tangu mwaka 1990. Kuwait ina KNET tangu mwaka 1992, na Bahrain ina Benefit tangu mwaka 1997. Kadi za KNET aghalabu humtaka mwenyewe aingize namba yake ya siri katika kila malipo. Hiyo ni hifadhi njema dhidi ya wezi, lakini maana yake ni kwamba hakuna kitu kiitwacho malipo ya kujiendesha: kila mwezi mteja lazima aitwe, afike, na alipe kwa mkono wake. Kampuni iliyozoea desturi za Marekani huingia Kuwait ikiwa na mashine yake ya kurudia malipo, kisha hushangaa mbona wateja wanaopenda huduma wanatoweka.

Katika Iraq, ambako wengi hawana kadi ya benki ya kulipia mambo ya intaneti, ada hukatwa katika salio la simu. Hapo kukwama ni jambo la kila siku, kwa kuwa mtu huweka salio la kumtosha kupiga simu mbili na kulala. Baadhi ya makampuni yametafuta hila ya halali: ada ya mwezi isipopatikana huombwa ya wiki, na ya wiki isipopatikana huombwa ya siku moja. Mwenye kipato cha kuokoteza hupata huduma kwa kadiri ya mkono wake. Hata hivyo, njia hiihii ya salio la simu ndiyo iliyoleta malalamiko mengi zaidi, ya watu kukatwa senti zao kwa huduma ambazo hawakumbuki kuziomba. Tutalirudia hilo.

Misri, Oktoba 2023

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Misri. Mwanzoni mwa mwaka 2022 dola moja ilikuwa takriban pauni 15.7 za Misri. Ikateremka thamani ya pauni mara kadhaa, na mwaka 2023 dola ilikuwa imekaa karibu na pauni 31 katika benki, ilhali mitaani ilikuwa juu zaidi. Dola zilipokuwa adimu, mwezi wa Oktoba 2023 benki za Misri zilisimamisha matumizi ya kadi za akaunti za pauni kwa malipo ya fedha za kigeni, na kadi za mkopo zikawekewa kiwango kidogo cha matumizi ya nje kwa mwezi.

Tafakari, ndugu msomaji, hali ya mwanafunzi wa Tanta au Asyut anayelipia kwa dola programu ya kuchorea ramani za majengo, ambayo ndiyo riziki yake. Fedha anayo, na kadi yake ni nzima, lakini malipo yamekataliwa. Kisha anapokea ujumbe kutoka kampuni ya ng'ambo ukimwambia kwamba ameshindwa kulipa, na kwamba akaunti yake pamoja na kazi zake zote zitafutwa baada ya siku saba. Je, huyu ameshindwa kulipa? Amezuiwa kulipa, na tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa.

Kampuni zilizoelewa jambo hili zilifanya kitu kimoja chepesi, nacho ni kuuza kwa pauni na kupokelea ndani ya nchi. Misri ina Fawry, ambayo mtu huiendea kwenye duka la karibu akalipa taslimu kwa namba ya ankara. Ina Vodafone Cash tangu mwaka 2013, inayofanana sana na huduma za fedha kwa simu tulizozizoea huku Afrika Mashariki. Ina kadi za Meeza, na tangu mwaka 2022 ina InstaPay ya kuhamisha fedha kutoka benki moja hadi nyingine papo hapo. Aliyekwama kwa kadi anaweza kulipa kupitia hizo leo hii, mradi aambiwe kwamba mlango upo.

Pauni ilipoachwa ielee tarehe 6 Machi 2024, dola ikafika karibu na pauni 50, na masharti ya kadi yakaanza kulegezwa. Lakini hapo likazuka tatizo jingine. Huduma ya dola 10, iliyokuwa ikimgharimu mtu pauni 157 miaka miwili nyuma, sasa ilitaka pauni zipatazo 500, na mshahara wake haukuongezeka mara tatu. Mtu wa namna hii hafufuliwi kwa kujaribiwa kadi yake mara 15. Ama apunguziwe bei kwa kadiri ya nchi yake, ama aachwe aende kwa wema.

Lebanon yalikuwa makubwa zaidi. Tangu Oktoba 2019 benki zilizuia watu wasizifikie dola zao wenyewe, na pauni iliyokuwa 1,507 kwa dola tangu mwaka 1997 ikaporomoka hadi zaidi ya 89,000. Anghami yenyewe, iliyozaliwa Beirut, ilihamishia makao yake makuu Abu Dhabi.

Siku na saa ya kuomba

Wazee wetu walijua kwamba mtu hadaiwi siku ya matanga wala alfajiri. Mashine nayo yafaa ifundishwe jambo hilo. Nchini Saudia mishahara ya watumishi wa serikali huingia tarehe 27 ya mwezi wa miladi; kabla ya mwaka 2016 ilifuata kalenda ya Hijria. Na kuanzia Desemba 2017 serikali imekuwa ikizipa familia zenye kipato cha chini ruzuku iitwayo Hisabu ya Mwananchi, inayoingia tarehe 10. Ada iliyokwama tarehe 22 kwa namba 51 haina haja ya kuombwa tena tarehe 23 na 24. Isubiriwe tarehe 27. Subira ya siku tano huleta kile ambacho majaribio kumi hayaleti.

Vilevile siku za mapumziko hazifanani. Saudia ilihama kutoka Alhamisi na Ijumaa kwenda Ijumaa na Jumamosi mwaka 2013. Falme za Kiarabu zilichukua Jumamosi na Jumapili kuanzia Januari 2022, na Ijumaa ikawa nusu siku. Ujumbe wa madai unaomfikia mtu wakati khatibu yuko juu ya mimbari una kasoro mbili: hautasomwa, na utamchukiza aliyeusoma. Katika Ramadhani saa za kazi Saudia hupungua hadi sita kwa siku, na watu hukesha. Ujumbe wa saa mbili asubuhi humkuta mtu amelala, ilhali ule wa baada ya tarawehe humkuta ameshika simu yake mkononi.

Kodi nayo huleta mitego yake. Saudia ilipopandisha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 5 hadi 15 mwezi Julai 2020, ada ya riali 20 kabla ya kodi ilitoka riali 21 ikawa 23. Anayeweka katika kadi yake kiasi kamili cha ada, wala asizidishe, hukwamishwa na riali mbili hizo asijue zimetoka wapi.

Maneno ya kumwambia

Hapa ndipo penye uzito, kwa maoni yangu, kuliko hesabu zote tulizozitaja. Ujumbe mfupi wa simu kwa herufi za Kilatini hubeba herufi 160. Kwa herufi za Kiarabu hubeba 70 tu; ukizidi hukatwa vipande na gharama huongezeka. Kwa sababu hiyo watu hubana maneno, na neno la kwanza kubanwa huwa ni la heshima. Salamu huondoka, jina huondoka, na kinachobaki ni amri ya kulipa. Mwarabu aliyeandikiwa hivyo huona ametukanwa, na ana haki ya kuona hivyo.

Tena Kiarabu hutofautisha mwanamume na mwanamke hata katika kitenzi cha kuamrisha. Programu iliyotafsiriwa kwa haraka humwambia kila mtu "lipa" kwa sura ya kiume. Mama wa Jeddah aliyewalipia wanawe masomo huona wazi kwamba kilichomwandikia ni mashine isiyomjua. Wenye ujuzi huikwepa kwa kutumia jina badala ya kitenzi, yaani husema "malipo ya ada hayakukamilika", na hapo hakuna mwanamume wala mwanamke, wala hakuna mshitakiwa. Sentensi hiyo ina fadhila nyingine: haisemi kwamba wewe umeshindwa. Inasema malipo hayakukamilika, na huo ndio ukweli, kwa kuwa aliyeandika hajui kama kosa ni la mteja, la benki au la mtandao.

Namba pia zina mambo yake. Misri na nchi za Ghuba watu husoma tarakimu za Kiarabu za mashariki, wakati Morocco, Algeria na Tunisia hutumia hizihizi tuzitumiazo sisi. Maandishi hutoka kulia kwenda kushoto, lakini namba ya kadi huandikwa kushoto kwenda kulia. Ukurasa uliogeuzwa vibaya humfanya mtu aingize tarakimu kinyume, akataliwe, ajaribu tena, kisha aache. Huyo alikuja kulipa kwa hiari yake, na fomu ikamfukuza.

Hukumu ya faini na muhula

Sasa tuje kwenye suali ambalo wafanyabiashara wa nchi hizo huwauliza wanazuoni: je, yafaa kumwongezea mteja faini kwa kuchelewa? Baraza la Fiqhi la Kiislamu lenye makao yake Jeddah, katika kikao chake cha sita cha Machi 1990, lilitamka kwamba haijuzu kumtoza mdaiwa nyongeza juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa, iwe ilishurutishwa katika mkataba au haikushurutishwa, kwani hiyo ni riba. Na kikao chake cha Riyadh cha mwaka 2000 kiliruhusu shuruti ya adhabu katika mikataba ya mali, isipokuwa pale ambapo wajibu wenyewe ni deni. Taasisi ya AAOIFI ya Bahrain, katika kiwango chake cha tatu kinachohusu mdaiwa mwenye kuchelewesha makusudi, imekubali mdaiwa ajifunge kutoa sadaka endapo atachelewa, kwa sharti kwamba fedha hiyo iende katika njia za kheri, isiingie katika mapato ya mdai.

Lakini kabla ya faini kuna suali lililo nyuma yake: je, ada iliyokwama ni deni? Mkataba huu kwa asili yake unafanana na ijara, yaani kuuza manfaa ya muda. Ikiwa kampuni imefunga huduma siku ileile malipo yalipokataliwa, mteja hakupata kitu na hadaiwi kitu. Mkataba wa mwezi ule haukuanza. Ikiwa kampuni imemwachia huduma wiki mbili kwa hisani huku ikijaribu tena, basi ama iseme wazi kwamba ni hisani, ama iseme wazi kwamba siku hizo zitahesabiwa. Kinachochukiza ni kunyamaza, kisha kumtoza ya nyuma kwa mkupuo mmoja siku mshahara unapoingia, mtu akakuta miezi mitatu imeondoka wakati yeye alidhani huduma imekufa. Nionavyo mimi, kampuni yenye kujiheshimu haihitaji kufika kwenye mjadala wa faini hata kidogo. Itoe muhula unaojulikana, iutaje kwa tarehe, na ikiisha tarehe ifunge.

Qur'ani, katika aya ya 280 ya Sura hiyohiyo ya al-Baqara, inaamrisha mwenye dhiki angojewe mpaka apate wasaa, na inaeleza kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amekuita kuchelewesha kwa mwenye uwezo kuwa ni dhulma. Mafunzo haya mawili huenda pamoja, na ndiyo maana ile namba ya benki ina umuhimu, kwani humsaidia mdai asimchukulie mwenye dhiki kuwa ni mkaidi.

Kuna kisa mashuhuri cha Ka'b bin Malik (r.a.), naye alimdai Ibn Abi Hadrad ndani ya msikiti wa Madina mpaka sauti zao zikapanda. Mtume akafunua pazia la chumba chake, akamwita Ka'b, na akamwashiria kwa mkono apunguze nusu. Ka'b akasema amekubali. Ndipo Mtume akamwambia mdaiwa asimame alipe. Angalia mpangilio huo: mdai ameshuka, na mdaiwa ametakiwa alipe papo hapo. Kampuni inayomwambia mteja aliyekwama kwamba yupo huru kuhamia kifurushi cha nusu bei, akilipa leo, inafuata njia hiyohiyo. Wengi waliokwama kwa kukosa ada kamili hubaki kwa ada ndogo, na baadhi yao hurudi juu hali zao zikitengemaa.

Ridhaa kwanza

Tuliahidi kulirudia suala la salio la simu. Njia zote za kurejesha ada zinasimama juu ya msingi mmoja, kwamba mteja aliridhia tangu mwanzo. Aliyebonyeza kitufe cha majaribio ya bure akiwa anatafuta kitu kingine, kisha akaanza kukatwa kila siku, hana ada iliyokwama. Kumfuata huyo kwa majaribio ya usiku, ili salio likiingia tu likatwe kabla hajapiga simu, ni kuchukua mali ya mtu bila ridhaa yake, hata kama sheria ya nchi haijakufikia. Sheria ya biashara ya kielektroniki ya Saudia ya mwaka 2019 imempa mnunuzi siku saba za kuvunja mkataba katika hali nyingi, na ya Misri ya kumlinda mlaji, namba 181 ya mwaka 2018, imetoa siku 14 za kurudisha bidhaa.

Kampuni inayotaka kujua kama madai yake ni safi na itazame jambo moja: kitufe cha kujiondoa kiko wapi katika ujumbe wake. Kama ujumbe wa Kiarabu unaomtaka mteja asasishe kadi yake una kiungo cha kulipa, na chini yake kuna kiungo cha kuacha huduma, kwa maandishi ya ukubwa uleule, basi wanaobaki wamebaki kwa hiari. Baada ya tarehe ya mwisho kupita, namba za kadi zifutwe, kazi za mteja zihifadhiwe kwa muda uliotajwa, na aandikiwe mara moja tu kwamba akaunti imefungwa, hadaiwi chochote, na akitaka kurudi atavikuta vitu vyake mahali alipoviacha.